Mpaka wa Jivu

Mwaka ule mvua ilipotea njia, na katika mji mzima wa wanyama kikabaki kisima kimoja tu, cha Kata ya Gombani. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa Diwani Fisi, na aliyeishi nje ya kata hakunywa. Sheria hiyo aliitunga Fisi mwenyewe.

Uchaguzi ulipokaribia, Fisi alianza kuhesabu kura. Swala walikuwa wengi, na kila ukoo wao ulikuwa na mtoto aliyepotea jirani na pango lake. Nani angempigia kura? Basi Simba, mwenyekiti wa baraza, alipotangaza mipaka mipya, Fisi alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Kila diwani kikapu kimoja cha jivu!" alinguruma Simba. "Azungushie kata yake, ncha zikutane kabla ya jua kuzama. Na diwani sharti alale ndani ya mpaka wake. Nikisema sirudii!"

Fisi akaanzia kisimani. Kila nyumba ya swala aliikwepa, mstari ukapinda kama utumbo. Nyumba ya Sungura aliiacha ndani, maana kura moja itamfanya nini? Lakini Sungura roho ilimuuma kuona jirani zake wakinyimwa kura na maji kwa mpigo. Akamfuata.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Nauliza tu. Ile mifupa ya nyati kule bondeni ni ya kata gani?"

"Mifupa? Mingi?"

"Chungu nzima. Naona umewaachia majirani."

"Nimwachie nani? Mimi?"

Fisi akateremka mbio, mate yakimtangulia, akaizungushia mifupa yote hadi kijipande cha mwisho. Aliponyanyua kichwa, jua limeinama na jivu limebaki konzi mbili. Kupita nyuma ya pango lake kulikuwa mbali. Akakata mbele ya mlango, ncha zikakutana, akajipongeza kwa kicheko.

Simba akaja kukagua. "Lile pango la nani, nje ya mstari?"

Kicheko kikakatika. "Langu, mwenyekiti, ila jivu..."

"Basi hugombei. Lete ufunguo."

Sungura, aliyebaki ndani ya mpaka, akagombea na kupita bila kupingwa, na siku hiyohiyo akaifuta sheria ya maji. Wakanywa wote, wa ndani na wa nje. Fisi naye alipanga foleni nyuma ya swala mia moja, akiitazama mifupa yake ndani ya kata ya wenzake. Mtaka yote hukosa yote.