Mkunde na Mdundo wa Kinu

Mpo, wajukuu zangu?

"Tupo!"

Masikio mnayo?

"Tunayo!"

Basi hapo kale, milima ilipokuwa bado vichuguu na kobe hajapewa gamba, palikuwa na mama akiitwa Mkunde. Alirithi dawa kwa bibi yake: akifunga kiunoni mshipi wa gome, anageuka mnyama amtakaye, na mshipi unadondoka chini. Lakini bibi alimwonya, "Mjukuu wangu, kugeuka kunakula. Kunakula nguvu, kisha kunakula jina. Kila ukirudi, kula ushibe, halafu twanga mdundo wako. Ndipo ugeuke tena."

Maana huko kwao kila mwanamke alikuwa na mdundo wake wa kutwanga. Ukiusikia tu, unajua: ah, fulani yuko nyumbani. Wa Mkunde ulikwenda hivi: twe-twe-ka! Twe-twe-ka! Wifi yake, Nakijwa, dada wa mumewe, alitwanga naye kinu kimoja, na daima aliuharibu.

"Wifi, huo mchi au gongo la mlevi?" Mkunde humuuliza.

"Kaka yangu anakula na kunyamaza. Wewe una nini?"

Wanacheka, wanatwanga.

Mwaka mmoja mvua zikachelewa, kazi zikarundikana. Mkunde akasema, nitaziwahi. Akawa nguruwe mwitu, akafukua, akafukua, shamba likalimika. Akarudi na njaa ya kumeza chungu. Ugali akaula, kinu akakiruka. Akawa nyani, akang'oa magugu, akang'oa. Akarudi amekonda, anajikuna mbele ya wakwe! Safari hii hata ugali akauruka.

Mtama ulipoiva, ndege kwelea wakaja kama wingu. Mkunde akawa kwelea, aliongoze kundi mbali. Akapaa. Huko juu nguvu zikamwishia, jina likamponyoka kama punje. Mkunde ni nani? Hakujua. Alijua mtama tu. Akashuka shambani kwake mwenyewe, akadonoa.

Juu ya dungu la kulindia ndege alikaa binti yake, Namwai, na kombeo lake. "Wezi nyie! Mama yangu kalima hapa!" Vuu! Jiwe likampita Mkunde sikioni. Eti ndege ana sikio? Analo, nyamazeni.

Namwai akatia jiwe jingine.

Sasa Nakijwa alikuwa ameukuta mshipi chini, umenasa unyoya wa kwelea, na kinu kina utando wa buibui. Dawa hakuijua, lakini kinu alikijua: kikinyamaza, mwenyewe kapotea. Akakibeba mpaka shambani, anahema. "Namwai, shusha hilo kombeo!" Akatwanga: twe-ka! Twe-ka-twe! Ovyo kabisa.

Kwelea mmoja akainua kichwa. Kitu kikamwasha ndani. Twe-ka-twe! Si hivyo. Twe-ka-twe! Si hivyo! Manyoya yakamsimama, akashindwa kuvumilia:

"Wifi! Unakosea!"

Na huyo Mkunde, kasimama katikati ya mtama, amekonda kama mchi wenyewe, mkono kaunyoosha. "Hebu lete hapa."

Namwai akatupa kombeo, akamrukia mama yake.

"Kula kwanza," Nakijwa akasema. Mkunde akala chungu kizima. Kisha wakatwanga, wakibishana, mpaka jua likazama.

Mshipi wakautundika juu ya kinu, Mkunde asiweze kuuchukua bila kukipitia. Ila mpaka uzee wake, Mkunde akiona mtama, shingo ilimcheza kidogo. Na Nakijwa, alikosea makusudi? Hakusema mpaka kaburini.

Basi wajukuu zangu, ukitaka kuwa mwingine, shiba kwanza, na nyumbani mwache mtu wa kukuambia unakosea.

Kisa nimekitwanga. Pumba wape kuku, unga bebeni ninyi.