Kilio cha Bi Kindi Kwenye Kivumbasi

Hapo zamani za kale, sogeeni niwape hii, Kiboko alikuwa na bustani ya kivumbasi. Majani yananukia hayo! Na yote mboga yake. Hagawi hata tawi.

Jirani yake Bi Kindi, watoto wanang'atwa na mbu mpaka kadogo, Mwatumu, kameshikwa na homa. Mama wa watu akajaribu kila jani. Akawapaka mpapai, mbu wakala. Akawapaka kitunguu, mbu wakala, na mume akaikimbia harufu, akahamia jikoni! Ha ha haa!

Siku moja akaona, kumbe kwenye bustani ya Kiboko mbu hawatui! Akaenda mbio.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Naomba vijani niwapake wanangu, mbu wananimalizia."

"Marahaba, na utoke! Nikikupa, mimi nile nini?"

"Basi tushindane. Tutie mkono kwenye chungu cha mbu. Atakayetoa wa kwanza, bustani si yake."

Kiboko akacheka, bwahahaha! "Wewe? Na kamkono kama njiti? Ngozi yangu hii unaiona? Lete chungu!"

Bi Kindi akajitupa chini, pu! "Yalaa, nimesema nini mie! Wataninyonya niishe!" Analia, anagaagaa kwenye kivumbasi, huku, kule, majani yanapondeka, maji yake yanamwenea mwili mzima.

"Lia tu," Kiboko anasema. "Umeyataka mwenyewe."

Chungu kikaja, mbu ndani nziiii! Wakatia mikono. Kobe akapewa kazi ya kuhesabu mpaka kumi.

"Mooo... ja," Kobe huyo. "Mbiii... li..."

"We Kobe, hesabu upesi! Wameingia katikati ya vidole!"

"Usinikoroge, mzee. Nianze upya? Mooo... ja..."

"Mamaaa!" Kiboko akachomoa mkono, umevimba kama fenesi! Mbio mtoni, chubwi!

Bi Kindi je? Mkono bado chunguni, anapiga miayo. Mbu wote wamejibanza upande wa pili, hawamtaki.

Kiboko akatoa pua majini. "Jirani, ulijipaka nini?"

"Mboga yako, mzee! Ulinitazama najipaka, ukasema lia tu!"

Jioni ile watoto wote wakapakwa, hakung'atwa mtu. Na Kiboko akarushiwa fungu lake, maana Bi Kindi si mchoyo.

Basi wanangu, mdogo akilia mbele yako usimcheke, mtazame kwanza anafanya nini.