Mgeni Rasmi Alikuja na Mabuti ya Mpira

Bisha uone. Nakwambia kuna shule ilisafishwa mpaka ikaharibika, na aliyeisafisha ni mimi. Kama huamini, acha kusoma, rudi kwenye picha zako za harusi za watu. Ila nakujua, ukifika mwisho utaituma kwenye kundi la familia.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Msinionee huruma. Katika vilima vyetu vya Rungwe hakuna anayenizidi kupaka chokaa. Jiwe nikilipaka mimi, ng'ombe analipisha njia akidhani ni shehe.

Sasa, sekondari ya pale kwetu ilikuwa na wanafunzi wa kidato cha nne waliofanya utafiti wa bayolojia. Kiongozi wao aliitwa Tusekile, binti mwembamba, anaongea taratibu kama mtu anayemimina dawa kwenye kijiko. Walichimba mashimo mawili kando ya njia, mvua ikayajaza. Shimo moja wakatia watoto wa vyura, wale ambao bado wana mikia. La pili hawakutia kitu. Walitaka kujua kama penye vyura mabuu ya mbu hupungua, maana bweni lao halikukosa mgonjwa wa malaria.

Wafadhili walitoka hapo hapo mtaani. Seremala alitoa mbao. Mwenye mashine ya kusaga alitoa pumba za kulisha vyura. Lakini mfadhili mkubwa alikuwa Mama Sekela, mwenye duka la dawa. Yeye ndiye aliyewanunulia hadubini.

Pale stendi tulimcheka sana.

"Mama, mbu wakiisha, dawa ya malaria utamuuzia nani?" nilimuuliza.

"Wewe nitakuuzia dawa ya mdomo," akanijibu, na stendi nzima ikanigeuka.

Siku moja Mama Sekela akatuma ujumbe shuleni kwamba Jumamosi angekuja kuona kazi. Mkuu wa shule, Mwalimu Kasyupa, katika ujumbe wote ule aliona jambo moja tu: mgeni anakuja.

Na mgeni rasmi kwetu mnajua anavyopokelewa. Turubai lifungwe, viti vivalishwe vitambaa, soda zipozwe, wimbo wa kumsifu utungwe, na mawe ya njiani yawe meupe kutoka getini hadi ofisini. Nikaitwa mimi. Angeitwa nani mwingine?

Ijumaa mchana Tusekile na wenzake walikuwa bwaloni wakifanya mazoezi ya wimbo. Mwalimu wao wa bayolojia alikuwa ametumwa mjini kukodi viti. Mkuu akapita anakagua njia. Alipofika kwenye mashimo akaziba pua.

"Fundi, hiki nini?"

"Maji, mwalimu."

"Mgeni rasmi apite kwenye maji yanayonuka? Kausha. Tia chokaa. Nataka pang'ae."

Nikakausha, nikatia chokaa. Palivyong'aa, ungeweza kula ugali pale bila sahani.

Jumamosi wakubwa wakajipanga getini. Mama Sekela akashuka kwenye pikipiki. Kilemba kimesimama, kitenge kipya, mkufu shingoni. Chini, mabuti ya mpira! Marefu, yale ya kuingilia shambani.

Watu wakakohoa kuficha kicheko. Mkuu akamwonyesha kiti kilichopambwa maua.

"Viti baadaye, mwalimu," akasema. "Vyura kwanza."

Akayapita mawe yangu bila kuyatazama. Hata moja! Alisimama kando ya mashimo meupe. Akachuchumaa, akagusa chokaa kwa kidole, akakitazama kile kidole.

"Wako wapi?"

"Tumesafisha, mama," mkuu akasema, bado anatabasamu. "Tusingeweza kukupokea kwenye uchafu."

"Mwalimu, unayaona haya mabuti? Ningetaka usafi ningevaa viatu vya kanisani."

Wanafunzi walikuwa wamefika, wamejipanga waimbe. Tusekile alikuwa mbele, na utepe mwekundu kifuani. Aliliangalia shimo la kwanza, akaliangalia la pili. Mimi nilisubiri alie au apige kelele. Aliufungua ule utepe, akaukunja, akautia mfukoni.

"Tusekile, mwanangu," Mama Sekela akasema, "niambie mlifikia wapi."

"Kwenye shimo la vyura mabuu yalikuwa yanapungua, mama. Lakini hatuwezi kusema kwamba ni vyura. Tulibakiza wiki mbili tuwe na hakika."

"Tukianza upya?"

"Mvua imekata. Vyura hawatagi mpaka msimu ujao. Sisi tutakuwa tumeshamaliza shule."

Hapo nilitegemea Mama Sekela amgeukie mkuu amchane mbele ya watu. Sote tulitegemea hivyo. Mkuu mwenyewe alishainamisha kichwa.

"Kosa ni langu," mama akasema. "Nilitangaza kwamba nakuja. Ningekuja kimya kimya, ningewakuta."

Akaketi pembeni ya shimo, kitenge chake kipya kikala chokaa, akamkumbatia yule binti. Wimbo haukuimbwa. Soda tulikunywa, na kila mtu alikunywa akiangalia chini.

Msimu uliofuata Mama Sekela aliwafadhili wanafunzi wengine, na hakusema siku ya kuja. Lakini Tusekile hakuwepo tena. Swali lake walilijibu watu wengine.

Sasa, hapa ndipo ningeandika funzo kuhusu wakubwa wanaopenda sifa, ninyi mmcheke Mwalimu Kasyupa, mimi nibaki fundi niliyetumwa. Hivyo ndivyo nimekuwa nikiisimulia pale stendi miaka yote. Ila kuna sehemu huwa naiacha.

Jumatano ya wiki ile ile nilikwenda kupima njia. Tusekile akaniita, "Kaka, njoo uone kitu." Alikuwa ameweka mtoto wa chura chini ya hadubini. Nikafumba jicho moja. Ndani ya ule mkia niliona vidoa vinakimbia, vinafuatana mbio mbio kama watu wanaotoka mnadani.

"Nini hivyo?"

"Damu yake, kaka. Si yuko hai?"

Nilimwambia mimi nimeshaona makubwa kuliko hayo. Halafu nikaomba kuangalia tena. Na tena. Akanieleza kila kitu, shimo la vyura na lile lisilo na kitu, na akaniomba nikija kupaka nisiyaguse.

"Ondoa shaka, dada," nikamwambia. "Mimi nipo."

Kwa hiyo mkuu aliponiuliza "hiki nini?", mimi nilikuwa najua. Nikaogopa atanicheka, wa darasa la sita anamfundisha bayolojia. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu, nikamjibu, "Maji, mwalimu."

Funzo: Ukishajua ndani yake kuna uhai, usiseme ni maji tu, aliyeamuru hakujua, wewe uliyemwaga ulijua.