Timazi ya Lunogelo

Mpima ardhi mmoja, jina lake Lunogelo, alikuwa na ugomvi na upepo. Ulikuwa ugomvi wa miaka mingi, na kama ungemuuliza nani mwenye makosa, asingesita kukujibu. Aliishi nyanda za juu, huko ambako mwezi wa Juni watu huvaa makoti mawili na upepo hushuka mlimani tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Na kazi yake ilitegemea kitu kimoja ambacho upepo haukiachi kitulie, nacho ni timazi.

Timazi mnaifahamu. Ni kile kipande cha chuma kizito, kimechongoka kama karoti, kinachoning'inia kwenye uzi. Mwashi huitumia kunyoosha ukuta. Mpima ardhi huining'iniza chini ya darubini yake, katikati ya ile miguu mitatu, mpaka ncha isimame juu ya msumari uliopigiliwa kwenye jiwe. Ncha ikisimama hapo, darubini iko mahali pake, na mstari utakaopigwa ni wa haki. Ncha ikiwa pembeni kwa upana wa kidole, mstari nao unaanza na kosa la upana wa kidole. Na mstari, ndugu zangu, hauchoki kwenda. Ukifika bondeni, kile kidole kimekwisha kuwa hatua mbili.

Basi Lunogelo kila alipolaumiwa kwamba mpaka fulani umekwenda upande, alikuwa na jibu mkononi. Upepo, bwana. Utapimaje na timazi inayocheza kama mtoto kwenye bembea? Watu walimwelewa, maana upepo wa kule kila mtu anaujua. Sisi nasi tungemwelewa. Hakuna anayeleta shahidi kupinga upepo.

Alipofikisha umri wa kustaafu, akasema moyoni kwamba hatakufa kabla hajaushinda. Akajifungia katika karakana yake, akaanza kutengeneza timazi mpya. Akaacha umbo la karoti nene, akakereza shaba nyembamba ili upepo usipate pa kushika. Akaitoboa tumbo, akajaza madini ya risasi ili iwe nzito. Chini akaweka ncha ya chuma ya kufunga kwa skrubu, ikibutuka unaitoa unaweka nyingine. Na juu akatoboa tundu la uzi katikati kabisa, tofauti na zile za dukani ambazo tundu lake limekaa popote. Mara nne alikosea, mara nne akayeyusha akaanza upya. Alikuwa mvumilivu sana na chuma.

Ya tano ikakubali. Aliitundika nje, siku ambayo upepo ulikuwa unapiga mabati ya karakana kama ngoma, na timazi ikasimama kimya. Lunogelo akacheka peke yake pale uani. Habari zikaenea. Wapima wa wilaya za jirani wakaja kuiona, wakaishika, wakaipima uzito kwa kiganja, wakasema loo, mzee, hii kiboko. Naye akawajibu kwamba tangu sasa mtu wa kule hatanyimwa haki yake kwa sababu ya upepo.

Sasa palikuwa na mpaka mmoja alioupima yeye mwenyewe miaka ishirini na miwili nyuma, kati ya shamba la mzee Kaduma na shamba la mjane aliyeitwa Twilumba. Mstari ulianzia kwenye jiwe la juu, pale kilimani, ukashuka hadi bondeni. Lilipowekwa jiwe la chini, miparachichi mitatu aliyoipanda marehemu mume wa Twilumba ikaonekana iko upande wa Kaduma. Twilumba akakataa. Alisema mume wake alipanda kwake, alimwona kwa macho, na siku ya kupima upepo ulikuwa mkali. Mwaka uliofuata akaenda kuchuma kama kawaida yake. Akakamatwa. Baraza la kijiji likamsimamisha mbele ya watu, kikapu chake kichwani, likamwambia jiwe lina mhuri wa serikali na mti ulio nyuma ya jiwe si wake.

Tangu siku hiyo akawa na jina. Hakuna aliyemtukana usoni, watu wa kule ni wastaarabu. Ila akipita msibani, wanawake walivuta vikapu vyao karibu. Kwenye kikundi cha kupika alipewa kuosha vyombo, hakupewa kugawa nyama. Miaka ishirini na miwili mama huyo alisema neno moja tu, kwamba upepo ulimwonea. Wakamwacha aseme.

Kaduma hakuwa mtu mbaya. Alipozeeka alitaka kuwaachia wanawe shamba lisilo na maneno, na aliposikia habari za timazi mpya akamwendea Lunogelo. Akamwomba aje aupime tena mpaka ule, mbele ya watu wote, ili Twilumba naye aone kwa macho yake na moyo wake utulie. Lunogelo akakubali kwa furaha. Ulikuwa mlima wenye upepo kuliko yote. Angepata wapi mahali pazuri zaidi pa kuonyesha kazi ya mikono yake?

Siku moja kabla, alipanda peke yake kwenda kujaribu. Akasimamisha miguu mitatu juu ya jiwe, akaining'iniza timazi, ikatulia. Akalenga kwanza jiwe la nyuma yake, lile ambalo wapima huanzia kulenga, akageuza darubini, akatazama bondeni. Jiwe la chini halikuwapo pale lilipotakiwa kuwapo. Mstari ulipita hatua mbili ng'ambo yake, na ile miparachichi mitatu, mikubwa sasa, imezaa hadi matawi yameinama, ilikuwa yote upande wa Twilumba.

Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Kisha akaketi juu ya nyasi, na ile siku ya zamani ikamrudia yote. Upepo ulikuwepo, ni kweli. Lakini ulikuwa ukituliatulia, unavuma, unapoa, unavuma tena. Alichotakiwa kufanya ni kusubiri upoe. Ila alikuwa na baridi, na njaa, na kule chini kwenye ofisi ya kijiji walikuwa wamempikia kuku, harufu anaikumbuka mpaka leo. Akatazama timazi inavyokwenda huku na huku, akakisia katikati kwa jicho, akasema inatosha. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa akiusingizia upepo kosa la tumbo lake.

Ninyi mnadhani alishuka pale pale kwenda kwa Twilumba? Hata mimi ningependa iwe hivyo. Lunogelo alirudi karakana, akaiweka timazi mezani, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyesema neno baya mbele ya wakwe. Akaanza kujihoji. Jiwe lina miaka ishirini na miwili, timazi ina majuma mawili. Jiwe lina mhuri, timazi ina nini? Kipi kati ya hivi viwili ndicho chenye uwezekano wa kukosea? Akaona swali hilo lina busara. Akafungua ile ncha, akaibana kwenye jiliwa la mezani, akachukua tupa, akalisugua upande mmoja tako lake, pale inapokalia shaba. Alipoifunga tena, ncha ilikaa imeinamia upande, kidogo tu, huwezi kuona usipoambiwa. Akapanda tena mlimani kabla ya jua kuzama, akapima, mstari ukaangukia juu ya jiwe la chini bila wasiwasi. Akasema, sasa nimeirekebisha. Kisha akaikwaruza ubavuni alama ndogo, apate kujua siku ya kupima aielekeze wapi. Jamani, mtu anayerekebisha kitu kwa nia njema, alama ya siri ya nini?

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa pale. Upepo ulikuwa unavua watu kofia. Lunogelo akaining'iniza timazi, akaizungusha taratibu mpaka alama ikatazama alikotaka, akaondoa mkono. Watu wakasogea. Khanga zinapepea, nyasi zinalala, na timazi imesimama wima hata haitikisiki. Mzee mmoja akasema ajabu hii. Darubini ikageuzwa, ufito mwekundu na mweupe wa kulengea ukashikiliwa kule bondeni, na ukasimama juu ya jiwe lile lile. Kaduma akafumba macho akamshukuru Mungu.

Ndipo Twilumba akatoka katikati ya wanawake. Alikuwa na miaka sabini na kitu, goti moja linamsumbua, lakini alipiga magoti yote mawili kwenye majani, akavua kitambaa cha kichwani.

"Baba Kaduma," akasema, "miaka yote hii nilisema upepo ulinionea, na leo upepo umeshindwa na jiwe limebaki palepale. Basi mwizi ni mimi. Nisamehe, na umsamehe na marehemu mume wangu, maana nadhani naye alikosea kupanda."

Watu wakalia. Kaduma mwenyewe alimwinua, machozi yanamtoka, akisema yamekwisha, mama, yamekwisha. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo. Wazee wakaja kumpa Lunogelo mkono, wakamwambia ametuliza kilichowashinda wote. Mkono wa kwanza akaupokea. Wa pili akaupokea. Hata wa tatu akaupokea, na hapo ndipo pananiuma mimi ninayewasimulia, kwamba mtu anaweza kusikia maneno kama yale na bado mkono wake ukanyooka kupokea shukrani.

Wa nne alikuwa Twilumba. Alikuja na mikono yote miwili, jinsi mtu anavyompa mkono aliyemtendea wema, na magotini mwake bado pana majani. Lunogelo akaitazama mikono ile. Aibu ikampanda kuanzia miguuni, akahisi masikio yanawaka moto katika baridi ile yote. Aliomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, kazi yake ilikuwa kuipima tu. Akaficha mikono yake nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

Akasema ukweli. Hakusema vizuri, alikuwa anababaika, wa nyuma hawakusikia na walioko mbele hawakuamini. Wakamwambia mzee umechoka, kaa chini. Ikabidi aiinue timazi mbele yao, ausokote uzi, auachie. Timazi ikazunguka, na ile ncha, ambayo ingekuwa ya kweli ingezunguka ikiwa mahali pamoja, ikachora duara hewani, na kila mwenye macho akaliona. Akaonyesha alama aliyoikwaruza. Akawaeleza habari za kuku. Wimbo ukakatika. Hapana aliyempiga wala kumzomea, na huenda angefurahi wangemzomea. Walimtazama, kisha mmoja mmoja wakaacha kumtazama, ikawa vibaya zaidi. Akafunga ncha mpya, akapima upya, akashuka mwenyewe bondeni na sururu. Alilichimbua jiwe kwa mikono yake, mtu mzima wa miaka sitini, akalibeba hatua mbili, hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Kaduma akasema miti ni ya Twilumba tangu leo na tangu zamani, na akamwomba radhi mbele ya wale wale. Wanawake nao wakamzunguka. Mambo yakawekwa sawa, na wote wakaona yamekwisha.

Majuma matatu baadaye Lunogelo alikwenda kwa Twilumba kumwomba msamaha nyumbani kwake, kwa sababu pale mlimani alishindwa hata kumwita jina. Hakumkuta ndani. Alimkuta njiani, anapanda polepole na lile goti lake, kikapu cha maparachichi kichwani. Akamwamkia, akampokea mzigo, akamuuliza anaupeleka wapi. Mama akainamisha macho. Alikuwa amechuma kidogo tu, akasema, na sasa anampelekea Kaduma ayaone kwanza, ampe ruhusa, isije ikaonekana tena ameiba. Lunogelo akamwambia, mama, miti ni yako. Akamwambia mara mbili, mara tatu. Twilumba akaitikia ndiyo, baba, nimesikia, ahsante, nisamehe. Kisha akanyoosha mikono arudishiwe kikapu chake, akaendelea na safari ya kwenda kwa Kaduma. Lunogelo akabaki amesimama njiani, hana la kupima.

Jiwe huhamishwa kwa mchana mmoja, wenzangu. Na wewe uliyeketi hapo umetulia, ni nani ambaye mpaka leo anaomba radhi kwa kosa lako?