Samli ndani ya Cherehani

Wahenga walisema, kila mlango kwa ufunguo wake. Maana yake haina mafumbo: kila jambo lina njia yake ya kulitatua, na mtu mwenye ufunguo mzuri sana wa nyumba ya jirani bado atalala nje ya nyumba yake mwenyewe. Ni methali inayoitikiwa na wengi na kufuatwa na wachache. Miongoni mwa wasioifuata alikuwamo Yves, mkazi wa mtaa wa Shari mjini Bunia.

Mchana Yves aliendesha pikipiki ya abiria. Jioni alijifungia katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, akitengeneza vitu vilivyoharibika, na mara nyingine vitu ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Hakuwa mvivu wala mkorofi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba mafuta ni mafuta.

Imani hiyo ilitokana na kopo. Binti yake Ornella alipozaliwa, mama yake Yves, aliyeitwa Rébecca, alimtumia mjukuu samli kutoka Bogoro alikofuga ng'ombe. Kwao ni desturi: mtoto mchanga hupakwa samli mwili mzima, na bibi ndiye huituma. Kopo lilikuwa kubwa na mtoto alikuwa mdogo. Samli ikabaki, na Yves akaihamishia kibandani.

Kwanza alizipaka bawaba za mlango. Mlango ukaacha kulia, panya wakaanza kuuguguna. Kisha akapaka mnyororo wa baiskeli ya jirani, na tangu siku hiyo mbwa wa mtaa mzima waliipenda baiskeli ile kuliko mwenyewe. Kufuli la kibanda nalo lilikunywa samli, likashika vumbi jekundu la Bunia, na ufunguo ukagoma kuzunguka. Yves alilaumu kufuli.

"Mafuta ya ngombe haikataake kazi," alimwambia mkewe. "Babu zetu walipakaa ngozi, walipakaa kamba, walipakaa mikuki. Kitu gani kiliharibika?"

Mkewe, Vahwere, aliendelea kushona. Alikuwa mshonaji, mzaliwa wa Butembo, na cherehani yake ya kukanyaga alikuja nayo siku ya kuolewa. Shangazi yake Angélique ndiye aliyemfunza kwamba cherehani hunywa mafuta yake maalumu, mepesi na meupe kama maji, matone machache tu kila tundu. Chupa yake ndogo ya mafuta hayo ilipokwisha, alimwomba mumewe ampitie sokoni. Yves alirudi mikono mitupu, akaleta kutoka kibandani kopo la samli na kijiti.

Vahwere alijua kwamba ni kosa. Lakini samli ile ilikuwa ya mama mkwe, na mkaza mwana anayesema kwamba samli ya mama mkwe haifai anakaribisha mazungumzo marefu. Alikaa kimya kama maji ya mtungini, na mumewe akatia samli katika kila tundu aliloliona.

Wakati huohuo dada yake Yves, Divine, alikuwa akijiandaa kufunga ndoa. Shangazi zake walitaka gauni lake lishonwe na fundi mwenye jina mjini. Divine alikataa, akasema litashonwa na wifi yake na si mwingine. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimeletwa na ndugu aliyesafiri Kampala, na kingine cha namna ile hakikupatikana Bunia nzima. Shangazi mmoja alimwambia Vahwere bila kupepesa macho: "Ukiharibu, tutajua kama haukutaka kuwa mutu wetu." Vahwere alitabasamu na kuitikia. Moyoni aliumia, na aliogopa.

Basi akaanza kushona, na cherehani ikaonyesha tabia ambayo hakuwahi kuiona. Asubuhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Mchana, jua likipiga mabati, ililegea ikakimbia vizuri. Hali ya hewa ya Bunia asubuhi ni ya baridi, na samli ikipata baridi huganda. Hilo hata mtoto anayepaka samli kwenye ugali analijua. Yves hakulifikiria. Kila mashini ilipogoma aliiongezea samli, na vumbi la nyuzi likaganda humo ndani likawa kama uji uliolala.

Wiki ya harusi mvua ikanyesha mfululizo. Jua halikuonekana, samli haikuyeyuka, na cherehani ikakataa kutwa nzima. Gauni lilikuwa limebaki pindo la chini na mkono mmoja. Vahwere aliliacha chini ya sindano, akaenda kwa jirani kuomba mashini ya kuazima, akakuta nayo ina kazi.

Alipotoka, Yves aliona kwamba sasa ndipo msaada wake unahitajika. Samli imeshindwa, aliwaza, basi tuongeze nguvu. Alichukua vidanji, yale mafuta meusi aliyoyatoa kwenye injini ya pikipiki yake, akayamimina juu ya cherehani kwa ukarimu wote. Gurudumu likazunguka. Yves akafurahi. Kisha tone moja likashuka kwenye sindano, likatua kifuani pa gauni, jeusi, likapanuka taratibu mbele ya macho yake.

Vahwere aliporudi hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akalitazama lile doa, akalia kimyakimya. Yves alisimama na kitambaa mkononi asijue akiweke wapi. Hapo ndipo pikipiki iliposimama nje, na Divine na mama yake wakashuka, wakiwa wametoka Bogoro kuja kulijaribu gauni.

Divine aliona doa akakaa chini. Rébecca alimtazama mkaza mwana wake.

"Nani alifanya hii?"

Vahwere alifungua mdomo, akaufunga. Kusema ni mume kungekuwa kumtia mume aibu mbele ya mama yake, na kunyamaza kulimfanya yeye kuwa mwenye kosa. Yves alipiga moyo konde.

"Ni miye, mama. Mashini ilikuwa nguvu kuzunguka. Nilitiaka mafuta yako ya ngombe, ikakataa. Nikatia vidanji."

"Mafuta yangu? Ndani ya mashini?"

"Ndiyo, mama."

"Nilituma ya mutoto," alisema Rébecca polepole. "Mashini iko na ngozi?"

Rébecca akamgeukia Vahwere. "Na weye mama Ornella, ulijua kama haifae?"

"Nilijua, mama."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niliogopa mutasema ninazarau mafuta yenu."

Rébecca akavua kitenge chake cha juu, akakunja mikono ya blauzi. "Lete lile kopo."

Vahwere alidhani amesikia vibaya, lakini alilileta. Bikizee alichota samli kwa ncha ya kidole, akailainisha katika viganja, akaipaka juu ya doa na nyuma yake. Divine alifumba macho. "Mafuta ndiyo inatoa mafuta," alisema mama yake. "Vile ndiyo tulikuwa tunatoa masizi ya lori kwa nguo za baba yako. Sasa sabuni, na maji ya moto kidogo." Alisugua taratibu, akasuuza, akarudia. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa kivuli, na mwisho kitambaa kikawa cheupe tena. Divine alifumbua macho, akamkumbatia mama yake na kulia kwa furaha.

Kilichobaki kilikuwa cha Vahwere, na safari hii alisema. Alimtuma mumewe sokoni akamtajia mafuta anayoyataka, meupe, ya cherehani, si ya kitu kingine. Yeye mwenyewe aliifungua mashini, akaiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu mpaka uji wote wa samli na vidanji ukatoka. Yves aliporudi, Vahwere akatia matone machache, akashona kwanza kwenye vitambaa chakavu hadi sindano ikaacha kutoa alama. Ndipo akalirudisha gauni. Cherehani iliimba asubuhi kama ilivyoimba mchana, na mvua iliendelea kunyesha.

Siku ya harusi, shangazi yule aliligeuza pindo la gauni akitafuta kasoro. Hakuipata, akampa Vahwere kiti karibu naye.

Kibandani kwa Yves sasa kuna grisi ya magurudumu, kuna oili ya pikipiki, na kuna chupa ndogo ya cherehani ambayo haruhusiwi kuigusa. Kufuli alilifungua, akaliosha, na badala ya samli akalipaka unga wa risasi ya penseli. Mwezi uliofuata kopo jipya lilifika kutoka Bogoro. Rébecca hakulipeleka kwa mwanawe; aliagiza likabidhiwe Vahwere mkononi, naye akampaka Ornella mpaka akang'aa. Samli haikuwa mbaya tangu mwanzo, wala vidanji, wala Yves. Kila mlango kwa ufunguo wake.