Tembo Kwenye Njia ya Ubatizo

Kama unamjua mtu aliyeamka na hofu leo, msomee kisa hiki.

Huko Ugogo, pembezoni mwa mbuga, mwanamke aitwaye Nyemo alikuwa akimpeleka mtoto wake wa kwanza kubatizwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mumewe alikuwa ametangulia kanisani na masufuria ya karamu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni, na nyuma alifuata mama mkwe, Bibi Foibe, mkono mmoja begani kwa Nyemo, maana macho yake yalikuwa yamepofuka.

Walipofika katikati ya vichaka, Nyemo akasimama ghafla.

Tembo walikuwa mbele yao. Akageuza shingo polepole, akaona wengine wakitokeza nyuma. Kundi zima lilikuwa linavuka njia, nao wako katikati.

“Mbona tumesimama?” Foibe akauliza kwa sauti ya chini.

“Nimechomwa na mwiba, Mama. Tusubiri kidogo.”

Alidanganya kwa kuwa alimhofia yule bibi. Je, akijua kilichopo, si atapiga kelele?

Jike mkubwa akawasogelea mpaka kivuli chake kikawafunika wote. Nyayo zake hazikutoa sauti. Tumbo tu ndilo lililonguruma, kama radi ya mbali. Mkonga ukanyooka, ukanusa juu ya kichwa cha Nyemo, ukashuka hadi kwenye mbeleko. Nyemo akahisi pumzi ya moto shingoni. Sala zote alizozijua tangu utotoni zikamtoka akilini. Likabaki neno moja, akalirudia moyoni: Yesu. Yesu.

Mtoto akaamka, akavuta pumzi ya kutaka kulia.

Mkono wa Foibe ukaondoka begani, ukatua mgongoni mwa mtoto, ukaanza kumpapasa taratibu kana kwamba wako jikoni kwao. Mtoto akatulia. Tembo akawatazama kwa jicho lake dogo lenye kope ndefu, masikio yakipepea. Kisha akageuka. Kundi likamfuata, wakubwa kwa watoto, wakipita kulia na kushoto karibu kiasi cha kuguswa.

Vumbi lilipotua, Nyemo akamgeukia Foibe. “Mama, nisamehe. Hakukuwa na mwiba.”

“Najua. Niliwanusa kabla hujasimama.”

“Kumbe ulijua? Na hukuogopa?”

“Nikalishe chini, mwanangu.”

Nyemo alipomshika ndipo akagundua kwamba miguu ya mama mkwe wake ilikuwa ikitetemeka, haiwezi tena kumbeba.

“Niliogopa hadi kwenye mifupa,” Foibe akasema. “Hata kumwomba Mungu awaondoe sikuweza. Nilimwambia tu, Bwana, naogopa, kaa hapa nasi. Akakaa.”

“Ulijuaje kwamba amekaa?”

“Kwani wewe hukujua?”

Nyemo alitaka kusema hapana. Lakini akakumbuka jambo. Pumzi ile ya moto ilipokuwa shingoni, chini kabisa ya hofu yake, chini ya mapigo ya moyo, palikuwa na utulivu ambao haukuwa wake. Hofu haikuweza kuufikia. Akapiga magoti palepale njiani, mtoto mgongoni.

Walifika kanisani wamechelewa, nguo zimejaa vumbi. Mchungaji akauliza jina la mtoto. Familia ilikuwa imeshachagua jina la babu.

“Emanueli,” Nyemo akasema.

Mumewe akageuka kwa mshangao. “Mbona si hilo tulilokubaliana?”

Foibe ndiye aliyemjibu. “Mwache aitwe hivyo, baba. Mungu pamoja nasi. Leo tumeshuhudia.”

Funzo: Usione haya kumwambia Mungu kwamba unaogopa. Yeye hukaa na anayetetemeka mpaka hatari ipite, na hata isipopita.