Kodi ya Mdomo

Mliokaa, mmekaa?
Tumekaa, tunangoja.
Nianzie wapi?
Anzia kwenye njaa, umalizie kwenye shibe.

Haya. Hapo kale wanyama walikuwa wakulima wa mtama. Walilima bonde moja lenye mto, na mkubwa wa mto alikuwa Kiboko. Wenye mashamba kando ya mto walipata maji. Wenye mashamba ya mbali waliangalia mawingu, na mawingu nayo yakawaangalia.

Wakakubaliana kila mmoja atoe mtama kidogo, walishwe Muhanga na wanawe. Muhanga ndiye fundi wa kuchimba. Achimbe mtaro, maji yafike mashamba ya mbali.

Kiboko akasema, "Kukusanya niachieni mimi."

Wakamwachia. Mtama ukakusanywa, ukaingia ghala la Kiboko, na mtaro haukuchimbwa. Mwaka uliofuata ukakusanywa tena, na mtaro haukuchimbwa. Muhanga akiuliza, anaambiwa mtama haujatosha. Basi kodi zikaongezwa.

Mkusanyaji alikuwa Fisi. Siku moja akafika kwa Bi Digidigi, mjane mwenye mtoto mmoja na shamba dogo kule mbali.

"Hodi."

"Karibu."

"Una mkia?"

"Ninao, kidogo tu."

"Kodi ya mkia." Akachota mtama, chwaa.

"Una masikio?"

"Si unayaona?"

"Kodi ya masikio." Chwaa.

"Na kivuli hicho pale chini ni cha nani?"

"Changu."

"Kodi ya kivuli." Chwaa. Hapo akawa amechota mpaka mbegu ya kupandia.

Fisi akaenda kwa jirani, Pimbi. Pimbi ni mnyama wa majabalini, mdogo kama paka, na mkia hana.

"Una mkia?"

"Sina."

"Kodi ya kukosa mkia." Chwaa.

"Na Mzee Kiboko analipa nini?" Pimbi akauliza.

"Sheria inasema anayelala majini hahesabiwi."

"Sheria hiyo ameitunga nani?"

"Anayelala majini," Fisi akasema, akajitwika kapu lake, akaenda zake.

Jioni Bi Digidigi akaja kwa Pimbi na mtoto wake, mzigo kichwani. "Nimekuja kukuaga, jirani. Mbegu imekwenda. Nikibaki nitapanda nini?"

Hakuwa peke yake. Twiga alishafunga mizigo, Ngiri alishafunga. Wakakaa pale kwenye jabali, wakaanza kubishana, kila mmoja akisema kodi ingekuwaje.

Ngiri akasema, "Mimi naona kila mtu atoe kapu moja. Sawa kwa sawa, yaishe."

Bi Digidigi akamjibu, "Kapu moja kwangu ni chakula cha mwezi mzima. Kwa Kiboko ni kile kinachomdondoka akitafuna."

Twiga akasema, "Ni kweli, mama. Lakini aliyetoka jasho zaidi, naye aadhibiwe kwa jasho lake?"

Ngiri akasema tena sawa kwa sawa, Bi Digidigi akasema tena mwezi mzima, Twiga akasema tena jasho. Pimbi alikuwa anaiangalia midomo yao inavyofunguka na kufumbika: mmoja mkubwa, mmoja wa wastani, mmoja mdogo.

"Jirani," akamwambia Bi Digidigi, "usiondoke bado. Nipe hizi siku mbili tatu."

Asubuhi akateremka mtoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta mtama?"

"Nimeleta neno. Watu wanahama, Mzee. Wakiisha, utamtoza nani? Utamtoza Fisi?"

Kiboko akafikiri. Fisi hakuwa na shamba, alikuwa na tumbo tu. "Unasemaje?"

"Kodi zimekuwa nyingi, hata Fisi mwenyewe anazisahau njiani. Zifute zote, ibaki moja. Kila mwenye mdomo aujaze mtama mara moja, aumwage kwenye mkeka. Basi."

"Na mimi?"

"Na wewe, mara moja. Panya mara moja, wewe mara moja. Nani atakataa kulipa akikuona unalipa?"

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika, bwa bwa bwa. Alitazama kushoto akaona midomo ya bonde zima inamwaga mtama. Alitazama kulia akajiona anatoa sawasawa na Panya. Na mkeka ukijaa, Fisi si yupo wa kuubeba?

"Watangazie," akasema.

"Na kwa heshima yako, Mzee, mkutano ufanyike mlangoni pa ghala lako."

"Hapo umenena."

Siku ilipofika bonde lote lilikuja, wengine na mizigo yao kichwani. Mkeka ukatandikwa. Panya akajaza mdomo, akamwaga, pwi. Bi Digidigi, aliyekopeshwa mtama na Ngiri ili naye ahesabiwe, akamwaga, pwii. Ngiri akamwaga, pwaa. Twiga akainama kutoka juu, akamwaga, pwaa, na akakiri haikumuuma.

Akaja Chura. "Mimi mdomo wangu mpana, lakini shamba sina."

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana ilikuwa kweli. Wakakubaliana kwamba asiye na mtama nyumbani afumbe mdomo apite. Chura akapita.

Mwisho akaja Kiboko. Alikuwa ameubana mdomo, ukabaki upenyo mdogo kama wa kifaranga. Akadokoa punje chache, akazimwaga, pi.

Nani angethubutu kusema?

Pimbi akainamisha kichwa. "Ahsante, Mzee. Tumeuona mdomo wako, ni mdogo, haya ni maumbile. Sasa tumpishe Mamba, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote mtoni."

"Nani?" Kiboko akauliza.

"Mamba."

Mamba, aliyekuwa amelala kwenye mchanga na hajui lolote, akafumbua jicho moja. Akafungua mdomo taratibu, akaufumba. "Watu husema hivyo," akasema.

"Huo ni mrefu tu," Kiboko akasema. "Upana hauna."

"Mzee, usijisumbue. Wako tumeshauona."

Kiboko akashindwa kuvumilia. Akafungua mdomo. Aaaaaah. Ukafunguka kama mlango wa zizi, ndege wakaruka mitini, na Panya akajificha nyuma ya Twiga.

"Mmeuona?" Pimbi akauliza.

"Tumeuona."

"Huo ndio mdomo wake?"

"Ndio wenyewe."

"Basi ujazwe."

Mlango wa ghala ulikuwa hapo hapo. Makapu yakapita mkono kwa mkono. Shwaa, kapu la kwanza. Shwaa, jingine. Shwaa, jingine. Kiboko akataka kukataa, lakini mdomo umejaa. "Mmmh. Mmmh."

"Mzee anasema endeleeni," Pimbi akasema.

Shwaa, shwaa, mpaka mtama ukafurika. Kiboko akamwaga wote kwenye mkeka, mkeka ukafunikwa usionekane. Akakaa chini akihema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Fisi hakuelewa kilichotokea. Akasogea na kapu lake kama kawaida, akachota.

"Unafanya nini?" Kiboko akauliza.

"Napeleka ndani, Mzee. Kama kila mwaka."

"Weka chini. Huo ni mtama wangu."

"Ndiyo, Mzee, ndiyo maana—"

"Nimeutoa kwa ajili ya mtaro. Umetoka kinywani mwangu huu. Utakwenda kwenye mtaro, na nitaukalia mpaka niuone umefika."

Na akaukalia kweli. Kila asubuhi alikuwa amemsimamia Muhanga, anauliza mtama wake umechimba wapi leo. Muhanga akila, Kiboko anahesabu matonge. Wanawe wakipumzika, Kiboko anakohoa. Mtaro ambao haukuchimbwa miaka yote, ukachimbwa msimu mmoja.

Maji yakafika mashamba ya mbali, chururu, chururu. Bi Digidigi akaushusha mzigo wake, akamkopa Twiga mbegu, akapanda. Kiboko akawa anawatembeza wageni. "Mtaro wangu huu," anawaambia. Wanyama wakitazamana, Pimbi anasema, "Mwacheni, ni wake. Na wangu pia."

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba kodi ni kitu kibaya sana. Ilimharibu Kiboko wa watu: alikuwa mwizi mtulivu, akageuka raia msumbufu.

Yangu nimeimwaga mkekani.
Nasi tumeiona.
Aliyebaki na yake ndani, asibane mdomo.